Namna ya Kutangaza Siri Zako kutoka Maua hadi Kiritiri

Mfanyabiashara wa miraa, shida yako si mvua wala bei. Shida ni kwamba watu hawajui mambo yako. Tangu Aprili 2016, WhatsApp ilipokamilisha kusimba jumbe zote mwisho hadi mwisho, bei ya miraa aina ya kangeta unayomtajia wakala wako wa Eastleigh huvurugwa ndani ya simu yako pale Maua, na ufunguo wa kuirudisha uko kwenye simu yake tu. Kampuni ya simu haiioni. Wenye WhatsApp hawaisomi, ingawa wanajua umemwandikia nani na saa ngapi. Inasikitisha, lakini dawa ipo.

Rudi kwenye SMS. Hiyo hupita kwenye mitambo ya kampuni ikisomeka. Andika humo gari linaondoka Muringene saa ngapi na dereva amebeba kiasi gani.

Wewe wa muguka huko Embu, dawa yako ni saiba. Unganisha WhatsApp na kompyuta ya hapo, chapisha ankara, kisha ukimbilie matatu ya Kiritiri bila kujiondoa. Anayekalia kiti baada yako atasoma kila kitu kwa utulivu. Hebu fikiria neema hiyo ingekuwaje Mei 2024, Mombasa na Kilifi zilipopiga marufuku muguka na kesi ikafika Mahakama Kuu ya Embu: mipango yote ya wauzaji wazi kwenye skrini, na kijana wa saiba akiisoma huku anakula mandazi.

Usisahau kundi la kamati ya harusi. Ujumbe husafiri umesimbwa barabara mpaka ufike kwa watu 180, na shemeji mmoja tu akipiga skrinshoti, kazi imekwisha. (Wazee wa Njuri Ncheke, baraza la Wameru, wametunza siri vizazi na vizazi. Nadhani ni kwa sababu baraza lao halina admini.)

Nakala rudufu nayo iache kama ulivyoikuta. Uwezo wa kuisimba uliletwa 2021, lakini ni lazima uuwashe mwenyewe, na nani ana muda huo msimu wa mavuno? Gumzo ulilolilinda njiani litalala kwenye hifadhi ya mtandaoni, likimngoja atakayepata nywila ya barua pepe yako. Na nywila hiyo ni jina la mtoto wako wa kwanza.

Mwisho, akikupigia mtu mwenye sauti ya upole akuombe tarakimu 6 za WhatsApp zilizoingia kwa SMS, msomee polepole asikosee. Baada ya dakika chache atakuwa yeye ndiye wewe, akiwakopa wateja wako wote.

Ukiona dawa hizi ni kali, fungua mipangilio ya WhatsApp leo, uondoe kila kifaa usichokitambua, uwashe uthibitishaji wa hatua mbili na usimbaji wa nakala rudufu. Na zile tarakimu 6 usimpe mtu yeyote, hata akisema anapiga kutoka WhatsApp.