Jinsi ya Kuua Makali ya Wembe Bila Kunyoa Mtu

Kama bado unao wembe wa kukunja wa babu, ule wenye chapa ya Solingen au Sheffield, na makazi yako ni Kilangali, pole na hongera. Wembe wa kutupa, ambao King C. Gillette alipewa hataza yake Marekani mwaka 1904, ukiisha makali unanunua mwingine dukani. Wako hauna mwenzake, na ukoo mzima unajua unakaa wapi.

Ndevu haziumalizi wembe huo. Unamalizwa na dharura. Kilangali ni kwa mpunga, hata Wakala wa Mbegu za Kilimo ana shamba lake hapa, kwa hiyo magunia hayaishi. Gunia limeshonwa kwa kamba ya katani, mundu umesahaulika shambani, shemeji anaomba wembe "mara moja tu". Mpe. Akiurudisha, uelekeze ukingo juani: utaona vimeto vyeupe. Makali mazima hayamemeti, kwa hiyo kila kimeto ni pengo. Halafu kuna mtoto akililia wembe. Methali inasema apewe, ila haikusema kwamba anataka kuchongea penseli.

Sasa unoe. Ngazi ya saruji iliyonoa mapanga tangu nyumba ijengwe iko pale pale, ukitaka kumaliza kazi aliyoianza shemeji. Wapo wakorofi wanaotumia jiwe laini lililoloweshwa maji. Wanaulaza wembe kabisa, mgongo na makali vyote vikigusa jiwe, kisha wanausukuma makali yakitangulia. Mgongo ule mnene si urembo, ndio unaopima pembe. Wewe uinue tu, unoe kama panga la miwa la Ruembe, uone.

Baada ya jiwe ni ngozi. Uvute mkanda mpaka ukaze, na hapa mwendo unageuka: mgongo mbele, makali nyuma. Ukifika mwisho, uviringishe wembe juu ya mgongo wake ndipo urudi. Ukiugeuzia upande wa makali, utabaki na vipande viwili vya mkanda na suruali isiyokaa kiunoni. Ngozi hainoi sana, inanyoosha ukingo uliojikunja. Kwa hiyo ipitishe kila unapotaka kunyoa, jiwe liache lipumzike.

Masika ikiingia, ukunje wembe ungali na povu. Kutu itajileta yenyewe. Asiyetaka kutu anaukausha kwa kitambaa na kuupaka tone la mafuta ya cherehani, lakini huyo hana haraka ya maisha.

Kuhusu kuazimana kwa kunyolea, hapo sitanii. Damu usiyoiona hubeba virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini, na wembe ni wa mtu mmoja. Kwa bahati nzuri, hiyo ndiyo sababu pekee ya kumnyima shemeji ambayo hata mama mkwe ataiheshimu. Itangaze mapema, kabla ya mavuno.