Kisu Kimebaki Kapsoya

Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Hawakusema lolote juu ya mtu aliyefika kwenye ukingo wa Bonde la Kerio na mguu mzima wa mbuzi, gunia la makaa na chumvi ya kutosha harusi, huku kisu chenyewe kikiwa kimelala kwenye droo Kapsoya.

Wakazi wa mtaa huu hawakosi pa kwenda kupiga kambi. Kapsoya iko upande wa mashariki wa Eldoret. Kutoka hapo Iten ni kilomita 35 hivi, msitu wa Kaptagat nao hauko mbali, na anayetaka joto huteremka kwa njia ya Tambach hadi chini bondeni, kwenye maembe. Ijumaa jioni Probox iliyobeba viazi wiki nzima hulazwa viti, ikawekewa godoro, ikawa chumba cha kulala. Kila kitu kinaingia: jiko, mtungi wa gesi, dumu la maji, spika, blanketi. Kuna mama aliyebeba pasi, na huko walikokwenda hapakuwa hata na mlingoti wa stima.

Kisu hakiingii kwa sababu hakina mwenyewe. Siku za kawaida ni mali ya jikoni, na jikoni kuna anayejulikana. Nyama choma, kwa upande wake, wanaume wengi wameifanya kazi yao, na hawataki ushauri. Safari ya kambi inazikutanisha serikali hizi mbili ndani ya gari moja. Wanaume wanapakia nyama, makaa na tairi ya akiba. Wanawake wanapakia unga, sukuma wiki, sufuria na mwiko. Kisu kiko mpakani, kila upande ukiamini upande wa pili umekishughulikia.

"Shemeji, kisu umeweka wapi?"

"Mimi? Mimi nimebeba nyama."

Baada ya hapo ni ubunifu mtupu. Pakiti ya unga hupasuliwa kwa ufunguo wa gari. Nyanya hupondwa kwa ngumi na kuitwa kachumbari. Bwana mmoja alikatakata vitunguu kwa kifuniko cha kopo la maharagwe, na kopo lenyewe alikuwa amelifungua kwa bisibisi. Asichekwe sana. Mwingereza Peter Durand alipata hataza ya kopo la chakula mwaka 1810, na Mmarekani Ezra Warner akapata ya kifunguzi chake mwaka 1858. Katikati hapo wanajeshi na mabaharia walikuwa wakifikia chakula chao kwa patasi, nyundo na singe. Mtu wa bisibisi alikuwa amechelewa kwa miaka 160 na ushei tu.

Wengine hujitetea kwamba wangenunua visu vya plastiki njiani. Hapo serikali imewatangulia: tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumiwa mara moja, pamoja na visu na sahani za aina hiyo, zimepigwa marufuku katika mbuga, misitu na maeneo mengine ya hifadhi nchini Kenya. Na hata zingeruhusiwa, mbuzi aliyelelewa kwenye mawe ya Kerio hakatwi na plastiki.

Halafu kuna kundi la pili, wale waliowahi kusahau wakaapa haitatokea tena. Hawa hubeba duka. Kijana mmoja alifika kambini na seti nzima ya visu sita ndani ya kigogo chake cha mbao, zawadi ya harusi iliyokuwa haijawahi kuguswa. Kisu cha mkate kilikuwemo. Mkate haukuwemo. Mwenzake alikuwa na kile kisu cha kukunja cha Kiswisi, au tuseme binamu yake wa kando ya barabara, chenye mkasi, msumeno na kizibuo. Babu wa visu hivi alitengenezewa jeshi la Uswisi mwaka 1891 ili askari afungue makopo na bunduki, na cha ajabu ni kwamba shehena ya kwanza ilitoka Solingen, Ujerumani. Kizibuo kilikuja mwaka 1897, kwenye kisu cha maofisa. Watu wa Uasin Gishu, kaunti ya Eldoret, wana mursik, maziwa yao ya mgando, kwenye kibuyu, ambacho kufunguliwa kwake hakujawahi kuhitaji ofisa.

Ukweli ni kwamba kambini vinahitajika visu viwili. Cha kwanza ni kile kidogo chembamba, chenye mpini uliofungwa tepe, ambacho mama mboga hukatia sukuma wiki kiganjani bila ubao, macho yake yakiwa kwa mteja. Ukikiona dukani hutakitamani, lakini ndicho kinachomenya viazi, kukata hoho na kuchonga vijiti vya mishikaki. Cha pili ni cha nyama, chenye ubapa wa sentimita 15 hadi 18. Kikizidi hapo kinaanza kumsumbua mtu anayekatia juu ya kifuniko cha kreti, akiwa amechuchumaa na tochi mdomoni.

Kisu cha nyama kinastahili heshima zaidi huku kwetu kuliko Mombasa. Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji yake huchemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100. Iten, kwenye mita 2,400, ni karibu 92. Nyama ikitokoswa kwa vipande vikubwa kwenye mwinuko huo, wageni watalala njaa sufuria ikiendelea kuchemka mbele yao kwa bidii zote. Ikikatwa vidogo inaiva mapema. Kuhusu chuma, kile kisichoshika kutu, chenye kromiamu ya asilimia 10.5 au zaidi, ndicho cha mtu mvivu, na porini kila mtu ni mvivu. Chuma cha kaboni hunoleka kwa urahisi na kushika makali mazuri, lakini ukikiacha usiku mzima na maji ya limau na nyanya, asubuhi kitakuwa na madoa meusi.

Kinolewe kabla ya safari. Eldoret ilipewa hadhi ya jiji Agosti 2024, na bado mnoa visu anapita mitaani na baiskeli yake, akikanyaga pedali, jiwe likizunguka na cheche zikiruka. Kisu butu ndicho kinachokata watu. Kinalazimisha mkono kusukuma kwa nguvu, kinateleza kwenye ganda la kitunguu, kisha sanduku la huduma ya kwanza linatafutwa na kukutwa lina panadol mbili na risiti ya petroli.

Kukipakia ndiko watu wanakofeli vibaya zaidi. Familia moja ilitupia kisu kitupu ndani ya kikapu, juu ya maziwa ya pakiti. Barabara ya kuteremka bondeni ina kona nyingi, na katika mojawapo ncha ikapata njia. Nusu lita ya maziwa ikanywewa na zulia la buti, kwenye joto la zaidi ya nyuzi 30. Gari hilo lilipouzwa baadaye, mnunuzi aliuliza kama lilikuwa la kubeba ng'ombe. Ala haigharimu kitu: kipande cha boksi kilichokunjwa mara mbili na kufungwa kwa raba, au pakiti tupu ya unga iliyoviringishwa juu ya taulo. Ncha itazame chini, na kisu kikae ndani ya sufuria yenye kifuniko.

Panga ni suala jingine. La kupasulia kuni na mifupa ya mguu linafaa, ila mahali pake ni chini ya jiko kwenye buti. Bwana mmoja aliliweka miguuni mwa abiria wa mbele, wakasimamishwa kwenye kizuizi.

"Na hili?"

"Ni la mifupa, afande."

"Mifupa ya nani?"

Katika kaunti iliyopitia machafuko ya baada ya uchaguzi ya Januari 2008, swali kama hilo si mzaha mtupu, na sheria ya Kenya haimtaki mtu anayebeba silaha hadharani kwa namna ya kutia watu hofu bila sababu halali. Ilibidi mguu wa mbuzi utolewe na kuonyeshwa kama shahidi.

Kisu kikisalimika na hayo yote, bado kuna mchoma nyama. Huyu hakubali koleo. Hugeuza nyama kwa kisu, huchokora makaa kwa kisu, kisha hukiacha ncha ikiwa ndani ya moto akisimulia mpira. Chuma cha kisu hupata ugumu wake kwa kuchomwa, kupozwa ghafla na kupashwa tena polepole, mara nyingi karibu nyuzi 200. Makaa yaliyokolea hupita nyuzi 600, na ugumu ule huyeyukia hapo hapo. Mchoma nyama mmoja wa Kapsoya alirudi na kisu cha namna hiyo, bluu kuanzia katikati hadi ncha, akakipeleka kwa mtu wa baiskeli. Fundi akakigeuza huku na huku, akakipitisha kwenye jiwe, akajaribu makali kwa ukucha.

"Mzee, hiki sasa ni cha kupaka Blue Band."

Pesa yake akaidai hata hivyo.