Enda Tezi na Omo

Rafiki yangu ana kipaji kinachonitia hasara kila mwaka: akitazama jambo kwenye simu kwa dakika 10, hujiona fundi. Mwaka juzi alikuwa fundi bomba, na jikoni kwangu kukafurika. Mwaka jana alikuwa kinyozi, nami nikavaa kofia mwezi mzima. Septemba iliyopita akawa nahodha wa kayaki.

"Kaka, Mbudya pale pale tu," aliniambia. "Boti ya nini? Tunapiga kafi saa moja, tumefika. Tunalala kwenye hema, Jumapili tunarudi."

Kwa asiyeijua, Mbudya ni kisiwa kilicho mbele ya Kunduchi, Dar es Salaam. Tangu 1975 ni eneo tengefu la bahari, pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini. Ukisimama ufukweni unakiona, miti na mchanga wake mweupe. Hilo ndilo lililotuponza.

Tulifika Kunduchi saa nne asubuhi na kayaki ya kuazima, ya plastiki, ya viti viwili. Tatizo lilikuwa moja: bahari haikuwepo. Ilikuwa imeondoka na kuacha tope, majani na mitumbwi iliyolala ubavu. Mzee mmoja alikuwa kivulini akishona wavu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Mnakwenda wapi na hilo beseni?"

"Mbudya, mzee. Tunalala huko huko."

Akainua macho, akahesabu kitu kwa vidole. "Leo mwezi kumi na nne. Sasa bamvua hili, wanangu..."

"Asante sana, mzee!" alisema rafiki yangu, tayari ameshika upande wake wa kayaki.

Tuliibeba kichwani hadi yalipokuwa maji. Kandambili yangu moja imebaki kwenye tope lile mpaka leo. Tukawapita akina mama waliokuwa wakichokoa pweza, mmoja akaweka mchokoo wake chini kabisa ili acheke vizuri. "Jamani," aliwauliza wenzake, "siku hizi chombo ndicho kinachompanda mtu?"

Majini, mwenzangu alikaa tezi, yaani nyuma, mimi omo, mbele. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Sisi tulikuwa wawili tu na kilikwenda mrama vilevile. Akipiga kelele "Kulia!", yeye alimaanisha tupige kafi upande wa kulia. Mimi nilielewa twende kulia, nikapiga kushoto, kwa sababu kayaki huenda upande ulio kinyume na kafi. Tukawa tunasukumana kama watu wawili wanaopishana mlangoni. Niliiona Kunduchi mara tatu bila kugeuza shingo. Kisha ikapita boti ya watalii, mawimbi yake yakatupindua, nao wakatupiga picha. Laifu jaketi zilituinua sisi. Mfuko wa mchele ulichelewa kuinuliwa, ukapata chumvi kabla ya kuona sufuria.

Safari ya saa moja ilitumia saa tatu. Tulilipa ada ya hifadhi, tukajitupa kwenye banda la makuti, tukalala fofofo. Saa kumi jioni maji yalijaa hadi mwisho wake, lakini sisi tulikuwa tunakoroma. Tulipoamka jua linazama, bahari ilikuwa imekwisha rudi nyuma kimyakimya, kama mtu aliyeacha mtego.

"Tazama mchanga huu," alisema rafiki yangu, akichagua kiwanja cha hema. "Laini, umesawazishwa, hauna hata unyayo!" Hakuna aliyejiuliza nani kausawazisha. Nyuma yetu, juu kidogo, palikuwa na mstari mrefu wa mwani mkavu, vifuu na chupa za plastiki. "Na uzio tumepewa bure," akaongeza.

Tulikula wali uliotufanya tunywe maji yote ya kesho. Usiku nikasikia kitu kikikwaruza nje. Nikamulika tochi: kaa wa minazi, mkubwa kama sahani ya pilau, ameshika kijiko chetu kwa gando. Kaa hawa huishi nchi kavu, hupanda miti na hupasua nazi. Kijiko kwao ni kazi ndogo. Tulitazamana. Nikamwachia.

Saa tisa usiku niliota nimelala juu ya barafu. Nilipofumbua macho, kiatu cha mwenzangu kilikuwa kinaelea ndani ya hema, taratibu, kama ngalawa isiyo na upepo. Mwezi ulikuwa mpevu, na huo ndio wakati wa bamvua: jua na mwezi huivuta bahari kwa pamoja, na kwenye pwani yetu tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Bamvua za Machi na Septemba ndizo kubwa zaidi. Tulikimbilia ng'ambo ya uzio wetu na hema kichwani, kayaki tukaikamata ikiwa njiani kuelekea Zanzibar. Kafi moja ilishatangulia.

Asubuhi, kwa kafi moja na kiburi robo, tulianza kurudi. Tulikuwa tukizunguka mahali pamoja ilipotokea boti ya wavuvi. Aliyeshika usukani alikuwa yule mzee.

"Mlilala wapi?"

"Mchangani, mzee. Chini ya mwani."

Hakucheka, na hilo liliuma zaidi. "Jana nilitaka kuwaambia kwamba usiku maji yatapanda. Lakini mlishashukuru."

Kayaki ilifungwa kamba nyuma, ikaenda moja kwa moja kwa mara ya kwanza tangu tuijue. Sisi tuliwekwa ngamani, katikati ya nyavu na samaki. Marehemu bibi yangu alipenda kusema, "Enda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Miaka yote nilidhani ni fumbo.

Msomaji, ukiukuta mstari wa mwani ufukweni, piga hema lako juu yake, usipige chini. Na ukimwamkia mzee wa pwani, msubiri amalize kujibu.