Jinsi ya Kuendelea Kitaaluma kwa Miaka 30 Bila Kubadilisha Kipindi Hata Kimoja

Mwongozo huu umeandikiwa mwalimu wa Kiingereza aliyepangiwa kazi Illasit, chini ya Kilimanjaro, pale barabara ya kutoka Emali, ikishapita Kimana na Oloitokitok, inapoukaribia mpaka wa Tanzania. Mwalimu wa Kitengela naye anaruhusiwa kuusoma, ingawa yeye yuko karibu na Nairobi na hatapata raha yote ya safari inayoelezwa katika hatua ya tatu. Ukiufuata mwongozo huu sawasawa, utakapostaafu utakuwa na faili nene la kuzuia mlango usipigwe na upepo wa mlimani, na wanafunzi wako watakuwa palepale ulipowakuta.

Hatua ya kwanza: Hesabu umri wako kabla hujahesabu vyeti

Sheria ya Tume ya Kuajiri Walimu ya 2012 inamtaka kila mwalimu aliyesajiliwa ajiendeleze kitaaluma. Ili sheria isibaki kwenye karatasi, Septemba 2021 Tume ilizindua mpango wake na kuteua taasisi nne za kuwafunza walimu: Chuo Kikuu cha Kenyatta, Chuo Kikuu cha Mount Kenya, Chuo Kikuu cha Riara na Taasisi ya Usimamizi wa Elimu, KEMI. Mpango ulivyotangazwa ulikuwa na moduli sita, kila moja ya miaka mitano, kwa ada ya shilingi 6,000 kwa mwaka, na mlipaji akiwa mwalimu mwenyewe. Kelele zilizofuata zilisikika hadi bungeni.

Wewe usipige kelele. Chukua kalamu. Moduli sita mara miaka mitano ni miaka 30. Miaka 30 mara shilingi 6,000 ni shilingi 180,000. Mwalimu wa serikali hustaafu akiwa na miaka 60. Ukianza ukiwa na miaka 28, utamaliza ukiwa na 58, na taifa litafaidi miaka miwili mizima ya mwalimu aliyeiva. Ukianza ukiwa na miaka 35, moduli ya sita utaisomea nyumbani, wajukuu wakikushikia simu.

Mwalimu mwanagenzi wa sekondari msingi aliyeingia kazini 2023 kwa posho ya shilingi 20,000 kwa mwezi hakuwa na haja ya wasiwasi. Yeye kabla ya kuendelezwa alikuwa akingoja kwanza kuajiriwa.

Wahenga walisema elimu haina mwisho. Nani ataigharimia, hawakusema.

Hatua ya pili: Tenganisha kazi na ushahidi wa kazi

Tangu 2016 kila mwalimu wa Tume hutathminiwa kwa mfumo uitwao TPAD. Unajitathmini mwenyewe, naibu wa mwalimu mkuu au mkuu wa idara anakuja kutazama kipindi chako, mnakubaliana alama, unataja mapengo yako na namna utakavyoyaziba, kisha yote yanaingizwa mtandaoni. Kwenye karatasi, ni mpango wa busara. Kosa la walimu wapya ni kudhani kwamba kinachotathminiwa ni ufundishaji. Kinachotathminiwa ni kilichoingia mtandaoni.

Kwa hiyo fanya urafiki na kijana wa saiba. Wiki ya mwisho wa muhula utamkuta amezungukwa na walimu nusu ya kata, kila mmoja ameshika bahasha ya kaki, mtandao unakwenda na kurudi. Kijana huyu hajawahi kukanyaga chuo cha ualimu, lakini anajua nambari za Tume za walimu wote pamoja na udhaifu wao.

"Madam, pengo la muhula huu tuweke lipi? Muhula uliopita tuliweka TEHAMA."

"Weka hilohilo."

"Hilo limekaa mwaka mzima, madam. Watauliza."

"Basi weka usimamizi wa darasa. Na uniwekee kwamba nimeliziba."

Siku ya kutazamwa darasani nayo ina ufundi wake. Fundisha kipindi hicho Jumatatu, kisha kifundishe tena Jumatano mtathmini akiwa ameketi nyuma. Wanafunzi watajibu maswali kabla hujamaliza kuyauliza. Azimio la kazi, maandalio ya somo na kumbukumbu ya kazi viwe mezani, vimepigwa muhuri. Naibu ana vipindi vyake vya kufundisha, ana nidhamu ya shule nzima mkononi, na walimu wengine kadhaa wa kutathmini kabla ya Ijumaa. Atakushukuru ukimkabidhi fomu ambayo alama zimeshaandikwa kwa penseli.

Hatua ya tatu: Pima semina kwa umbali na kwa chakula cha mchana

Hapa ndipo mwalimu wa Illasit anapomshinda wa Kitengela. Semina ya kaunti ikiitishwa Kitengela, wewe wa kaunti hiyohiyo ya Kajiado unapanda gari alfajiri, unashuka hadi Emali, unashika barabara ya Mombasa kuelekea Nairobi, unakatiza kaunti za Makueni na Machakos, unapita Athi River, ndipo unaingia tena Kajiado kwa mlango wa pili. Umetoka nje ya kaunti yako ili ufike ndani yake. Safari ya namna hiyo peke yake inastahili cheti.

Ukifika, utafundishwa kwamba mwalimu wa kisasa hahutubii darasa. Jambo hili utahutubiwa kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni. Mwezeshaji ataonyesha ukutani slaidi zenye maandishi madogo, atazisoma neno kwa neno, kisha atasikitika kwamba bado kuna walimu wanaowasomea wanafunzi kitabu. Usicheke. Piga makofi ya kilo unapoambiwa. Baada ya chai mtagawanywa katika makundi, mtapewa karatasi kubwa na kalamu za rangi, na mtaandika yale mliyoyasikia kabla ya chai. Aliye na mwandiko mzuri ndiye mwenyekiti.

Usishangae ikiwa ulichoambiwa hakifanani na kilichokusudiwa. Mtaala wa umilisi ulipoanza kutekelezwa nchi nzima 2019, mafunzo yalishushwa kwa ngazi: wakufunzi wa taifa wakawafunza wa kaunti, wa kaunti wakawafunza wa chini yao, hadi yakamfikia mwalimu wakati wa likizo, yakiwa kama chai inayoongezwa maji kila mgeni anapobisha hodi. Kilichofika Illasit kilikuwa na rangi bado. Sukari ilikuwa imebaki Nairobi.

Somo la mwisho la siku huwa ni posho. Hapo ndipo utakapoona ushirikishwaji kamili wa wanafunzi wote.

Hatua ya nne: Vuka mpaka uwe mtaalamu

Wakati walimu wengine wanangoja moduli sita, wewe una njia ya mkato: Tarakea iko upande wa pili. Kule shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili na Kiingereza hutawala kuanzia sekondari, kwa hiyo mzazi mwenye uwezo humpeleka mwanawe shule binafsi ya Kiingereza ili asije akashangaa mbele ya safari. Shule hizo zimewapenda walimu wa Kenya kwa miaka mingi. Ukiwa Illasit wewe ni mwalimu wa Kiingereza mwenye pengo la TEHAMA. Ukivuka, bila kubadilisha shati, wewe ni mtaalamu kutoka ng'ambo. Hakuna moduli inayoendeleza mtu kwa kasi hiyo. Kumbuka kibali cha kazi tu, maana afisa wa uhamiaji hathamini hata lafudhi nzuri.

Ukitaka kuvuka mipaka ya mbali zaidi, nunua mtandaoni cheti cha saa 120 cha kuwafundishia wageni Kiingereza. Kisha jiandae kufanya mtihani wa kuthibitisha kwamba unakijua Kiingereza. Umekisoma tangu shule ya msingi, umekifanyia mitihani yote hadi chuo kikuu, umelipwa mshahara kukifundisha. Lakini Uingereza ina orodha ya nchi ambazo raia wake hawadaiwi mtihani huo wanapoomba viza. Jamaika imo. Kenya haimo. Mwalimu wako wa darasa la nne, aliyekuvisha kibao shingoni kwa kunong'ona Kimaa uani, angepata taabu kulielewa hilo.

Hatua ya tano: Kuwa mtahini, lakini usiambukizwe

Waulize walimu wa Kiingereza wa shule za upili ni mafunzo gani yaliwafaa kweli, na wengi watakutajia usahihishaji wa mtihani wa kitaifa. Mwalimu hulipia mafunzo ya utahini ya Baraza la Mitihani, kisha hufungiwa kwenye kituo na mamia ya insha za karatasi ya tatu. Anajadiliana na wenzake kwa nini insha hii ipate alama hizi na ile ipate zile. Anarudi shuleni akijua mtoto huanguka wapi.

Huo ni ujuzi wa hatari. Ukiurudisha darasani bila uangalifu, unaweza kujikuta unafundisha uandishi. Utumie kwa kiasi: wape wanafunzi mwanzo mmoja wa kukariri, ule wa jua kuchomoza na ndege kuimba, waubandike kwenye kila insha, iwe ya harusi, ajali au wizi wa ng'ombe. Mvulana aliyemwona ndovu akiponda shamba la nyanya la babake ana kisa ambacho mtahini hajapata kukisoma tangu kituo kifunguliwe. Mwambie aanze na ndege. Akishamaliza ndege, dakika zitakuwa zimekwisha, na ndovu atabaki nje.

Hatua ya sita: Jihadhari na afisa anayesikiliza watoto

Si kila afisa ni salama. Kulikuwa na mpango uitwao Tusome, ulioingia katika madarasa ya mwanzo ya shule za umma nchini 2015 kwa msaada wa Marekani, ukakoma 2022. Kila mtoto alipata kitabu, na mwalimu akapewa mwongozo wa kipindi hatua kwa hatua: mwalimu anaonyesha, wanafanya pamoja, kisha mtoto anafanya mwenyewe. Mpaka hapo hakuna madhara. Tatizo lilikuwa afisa wa mtaala, yule tuliyezoea kumwita TAC tyuta. Alikuja na tableti, akaketi kwenye dawati dogo magoti yakigusa kidevu, akatazama kipindi chote. Kisha akafanya jambo ambalo ukaguzi wa kawaida haulijui: akaita watoto wachache mmoja mmoja, akawaambia wamsomee. Halafu akazungumza na mwalimu juu ya alichokisikia, palepale, kabla chaki haijafutwa ubaoni.

Matokeo yake yalikuwa mabaya kwa utamaduni wetu. Tathmini ya 2016 iliona watoto wa darasa la kwanza na la pili wakisoma Kiingereza na Kiswahili vizuri kuliko waliowatangulia. Fikiria hali hiyo ingeenea madarasa yote: mafaili yangebaki matupu na watoto wangekuwa wanasoma. Ukimwona afisa wa aina hiyo anashuka kwenye bodaboda, mkaribishe chai, na chai iwe ya moto sana.

Hatua ya saba: Usimkaribishe mwalimu wa darasa la jirani

Hatari kubwa kuliko zote haina tableti wala kitambulisho. Ni mwenzako wa mlango wa pili. Kikulacho ki nguoni mwako. Siku moja ana kipindi huru, anakuomba aketi nyuma ya darasa lako, hana fomu. Anatazama tu. Kipindi kikiisha anakwambia, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, kwamba uliuliza maswali kumi, na tisa kati yake uliyajibu mwenyewe. La kumi alilijibu msichana yuleyule wa mbele. Na je, umemwona yule wa karibu na dirisha, ambaye hajafungua kinywa tangu shule zifunguliwe? Mwenzako alimkuta sokoni akimuuzia nyanya Mkamba, akimrudishia chenji Mchagga wa Tarakea, akimgombeza mdogo wake kwa Kimaa, yote kwa pumzi moja. Mtoto huyo lugha hazimsumbui. Kinachomsumbua ni kwamba kwenye kipindi chako, majibu tisa kati ya kumi ni yako peke yako.

Unaona ubaya wake? Maneno hayo hayana ada. Hayana posho, hayana moduli, hayana nambari ya cheti. TPAD yenyewe inataka walimu wajifunze wao kwa wao, lakini inataka kumbukumbu za kikao, orodha ya waliohudhuria na sahihi. Maneno ya mlangoni hayana sahihi, kwa hiyo hayakutokea.

Ikiwa umeshanaswa, na kesho unakusudia kuuliza swali moja, unyamaze, uhesabu hadi kumi, uone nani atajibu, basi angalau jilinde. Usipige picha. Usiandike ripoti. Mwenzako akitaka umrudishie ziara, nenda mkono mtupu, utazame kipindi chake, umwambie ulichokiona. Na mwalimu mkuu akiwakuta na kuuliza mnafanya nini wawili ndani ya darasa moja, semeni mmekuja kuazimana dasta.