Kiazi cha Sebuleni

Mmea ambao wataalamu huuita Zamioculcas zamiifolia huota wenyewe vichakani kuanzia Kenya, kupitia Tanzania, hadi Afrika Kusini, lakini katika sebule za Handeni na Korogwe huheshimiwa kama mgeni wa ng'ambo, na heshima hiyo si ya bure kabisa, kwa kuwa waliouingiza katika biashara kubwa, mwaka 1996, ni wakulima wa maua wa Uholanzi. Chini ya majani yake yanayong'aa kana kwamba yamepakwa mafuta ya nazi kuna rizomu, yaani shina nene linalolala udongoni na kuweka akiba ya maji, na hapo ndipo mabishano yanapoanzia.

Jirani mmoja husema ni kitunguu, mwingine gimbi, na mwenye kisu hujitolea kuamua kesi. Kitunguu kikikatwa huonyesha tabaka juu ya tabaka, ilhali rizomu ni nyama tupu, jambo linalobainika barabara pindi mmea unapokwisha kuharibiwa. Aliyesema gimbi amekaribia ukweli kuliko anavyostahili, maana mimea hiyo ni ya ukoo mmoja na yote ina fuwele za kalsiamu oksaleti, chembe zenye ncha zinazowasha mdomo na koo, ila gimbi hupikwa likaiva, na rizomu hii haina mapishi. Majirani wasichekwe sana: mtaalamu wa mimea Loddiges aliueleza mmea huu mwaka 1829 akauita Caladium, na jina la sasa lilipatikana kwa mtaalamu mwingine, Engler, mwaka 1905, baada ya miaka 76 ya kubadilishiwa majina na watu ambao kazi yao ilikuwa hiyo hiyo.

Msiba mkubwa zaidi huletwa na mapenzi. Handeni, ambako maji huvutwa kwa bomba kutoka Mto Pangani upande wa Korogwe, na bomba likikauka hununuliwa kwa dumu la lita 20, mmea huu unaoweza kukaa miezi bila tone ndio unaomwagiliwa kila asubuhi, tena ndani ya kopo la rangi lisilotobolewa chini, hadi rizomu ioze na majani yageuke manjano. Mwenye nyumba, akiyaona manjano, huongeza kikombe. Korogwe, penye mto jirani, kosa hilo hufanywa kwa ukarimu zaidi.

Kuuzidisha ni rahisi kwa mwenye subira. Jani dogo likichomekwa mchangani hutengeneza kwanza kiazi chini kwa chini, na chipukizi huonekana baada ya miezi mingi, muda usiopatikana katika nyumba yenye watoto na bibi mdadisi, kwa kuwa kila apitaye hulichomoa aone kama limeota, hulirudisha, kisha humwambia anayefuata kwamba hakuna kitu.