Sifa za Probox, Mrithi Halali wa Altezza

Altezza ya mwisho ilitoka kiwandani Japani mwaka 2005. Kwa hiyo kila Altezza inayopita leo Kinondoni ikiunguruma, rimu zinang'aa na vioo vyeusi tii, imeshakula miaka 20 au zaidi, na mwenye nayo anamjua fundi wake kuliko anavyowajua shemeji zake. Itafika siku atalazimika kujiuliza anunue nini baada ya hii. Washauri hawatakosekana. Mmoja atamwambia Mark X, wa pili atamwambia Subaru, na wa tatu atamkumbusha kwamba sasa ni mtu mzima, anunue Harrier atulie. Mimi nasema anunue Probox, na nasema hivyo nikiwa na akili zangu timamu. Washairi wa mwambao wameusifu mnazi kuanzia mizizi hadi makuti na hakuna aliyewauliza kwa nini hawakulisifu waridi. Basi na mimi nipewe nafasi nilisifu gari ambalo hakuna kijana aliyewahi kubandika picha yake ukutani.

Kwanza tumpe marehemu haki yake. Altezza ilipozinduliwa mwaka 1998, chini ya mhandisi mkuu Nobuaki Katayama, ilichukua tuzo ya Gari Bora la Mwaka huko Japani, na haikubahatisha. Ile ya gia ya mkono ilikuwa na injini ya 3S-GE ya lita 2, silinda nne, ambayo Yamaha walitia mkono wao humo, ikitoa nguvu za farasi 210 bila turbo. Gia zilikuwa sita, na nguvu yote ilikwenda magurudumu ya nyuma. Kwenye dashibodi waliweka mishale midogo ndani ya duara kubwa la spidi, kwa mfano wa saa ya mkononi ya bei mbaya. Taa zake za nyuma ziliigwa dunia nzima, hadi zikafungwa kwenye magari ambayo hayakuwa na haki nazo. Wenye ile ya silinda sita, injini ya 1G-FE, tena otomatiki, nao wanaipenda vile vile, ingawa wenye 3S huwatazama kwa huruma. Sitaki mtu aseme nimeidharau Altezza ili kuipandisha Probox. Kinyume chake, hoja yangu inasimama tu kwa sababu Altezza ni gari zuri kweli.

Maana gari zuri kiasi hicho halirithiwi na linalofanana nalo. Tuangalie kilichopo. Huwezi kuagiza Altezza nyingine iliyo mbichi, haipo. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu liandikishwe, kwa hiyo mlango wa Altezza ulifungwa huko yapata mwaka 2013, na Tanzania gari kuukuu hutozwa ushuru wa ziada kwa ajili ya uzee wake. Mitsubishi waliachana na Lancer Evolution zamani. Subaru walitangaza mwaka 2022 kwamba WRX mpya haitakuwa na STI ya petroli. Mark X nayo ilikoma mwaka 2019. Supra iliporudi mwaka huo huo ilirudi ikiwa pacha wa BMW Z4, ikiunganishwa Graz nchini Austria, na mwenye mapenzi na Toyota ajipange kununua spea za Wajerumani. Iko GR86, gari tamu, hilo sibishi. Lakini sehemu ya mlio wa injini yake hupitishwa kwenye spika ili dereva ausikie vizuri. Mtu aliyezoea kuusikia mlio moja kwa moja kutoka kwenye boneti, bila redio kuingilia, atakaa humo akijiona anasikiliza mahojiano.

Na hata angelipata gari lenye kasi zaidi, raha zaidi na bei inayovumilika, bado angeumia. Anayeoa mwanamke kwa sababu anafanana na marehemu mkewe hula kila pilau huku analinganisha viungo, na mke mpya anashindwa mtihani ambao hakuambiwa kwamba anaufanya. Ndivyo itakavyokuwa kwa Mark X. Usukani utakuwa mzito au mwepesi kuliko ule, kiti kitakuwa juu kidogo, kona ile ya kuingia mtaani itachukuliwa vizuri lakini siyo vile. Probox haina balaa hilo. Hakuna kona ambayo Probox itaichukua ikakukumbusha Altezza. Ukiingia ndani hukuti kitu hata kimoja cha kulinganisha, na moyo usio na cha kulinganisha hupumzika. Hii ndiyo sifa yake ya kwanza na kubwa kuliko zote: haidai kupendwa.

Haidai kwa sababu haikuzaliwa kwa ajili hiyo. Toyota waliitoa mwaka 2002 ishike nafasi ya Corolla ya mizigo, gari la mchuuzi na fundi wa simu, na kila kitu ndani yake kinakiri hivyo bila haya. Matoleo ya bei ya chini yana bampa za plastiki nyeusi ambazo hazikupakwa rangi, kwa hiyo ukikwaruza ukuta hakuna aliyeumia. Milango ni mikavu, dari iko juu, na nyuma kumekatwa wima kabisa, kwa kuwa sanduku la mzigo halipendi mteremko. Walipoifanyia mabadiliko makubwa mwaka 2014 hawakuongeza taa za urembo. Waliongeza kimeza cha kuvuta kutoka kwenye dashibodi cha kuwekea kompyuta au chakula cha mchana, mahali pa kusimamisha simu, na kishikio chenye ukubwa wa boksi la maziwa la lita moja. Wahandisi wa gari la michezo hubishana juu ya mgawanyo wa uzito kati ya mbele na nyuma. Hawa walikaa kikao wakajadili mtu akiwa na kiu atakamata boksi lake wapi. Mimi najua ni kikao kipi kilimjali binadamu zaidi.

Sheria ya Japani inasema gari likiandikishwa kuwa la mzigo, basi nafasi ya mzigo lazima iizidi nafasi ya abiria. Ndiyo maana kiti cha nyuma cha Probox ya mzigo ni chembamba, kimesimama wima na kimesukumwa mbele, magoti yakabaki yanajitafutia pa kukaa. Mjapani aliye nyuma ameambiwa kwa lugha ya adabu kwamba yeye ni wa pili na katoni ni ya kwanza. Madereva wetu wa mchomoko, yaani Probox za kubeba abiria, waliielewa sheria hii kuliko walioitunga. Wao wamemaliza ubishi kwa kumweka abiria mahali pa mzigo, na kwa njia hiyo wote wawili wanapata nafasi kubwa.

Hapo ndipo ushahidi unapoanza kuwa mzito. Gari husifiwa kwa kazi iliyofanya mbele ya mashahidi, na Probox imefanya kazi mbele ya nchi nzima. Mirungi ya Meru, ambayo Wakenya huiita miraa, hupoteza ukali wake ndani ya siku chache baada ya kukatwa. Dereva anayeishusha kutoka Maua kwenda Nairobi hana muda wa kubembeleza injini, na kazi hiyo wamepewa Hilux na Probox. Vijijini, Kenya na Tanzania, huko ambako basi hupita mara moja kwa siku au halipiti kabisa, mgonjwa anafika hospitali, mwalimu anafika shule, na gunia la mahindi linafika mnadani kwa gari hili hili, mara nyingi vyote kwa safari moja. Injini yake ya 1NZ-FE ya lita 1.5 ndiyo hiyo hiyo iliyo ndani ya Ist, Raum, Spacio, Sienta, Premio na Allion. Maana yake ukienda duka la spea lolote, iwe Kariakoo au senta ndogo iliyoko njiani, plagi, pampu ya maji na maunti ziko rafuni kabla hujamaliza kuuliza. Mwenye 3S-GE akiuliza kitu, muuza duka huanza kwa kuvua miwani.

Najua nitajibiwa kwamba gari hili lina sifa mbaya barabarani, na jibu hilo halichekeshi. Ajali za michomoko zimeua watu. Lakini tumtaje mwenye kosa. Probox ya mzigo imetengenezwa kubeba watu wawili na kilo 400, au watano na mzigo pungufu. Anayepakia kumi na moja, wawili wakagawana kiti cha dereva, kisha akapita rasta za barabarani kwa kasi kama hazipo, hakupewa ruhusa hiyo na kitabu cha gari. Gari lingine lolote lingefanyiwa hivyo lingeua mapema zaidi, na lingeharibika kabla ya hapo. Mnunuzi wetu anayetoka kwenye Altezza atakaa peke yake kwenye kiti chake, mkanda kifuani, na kwa mara ya kwanza katika historia ya chombo hicho hapa kwetu kiti kitamtosha aliyekikalia.

Pingamizi la pili ni la wapenzi wa kuendesha: raha iko wapi? Hapa naomba tuhesabu kwa utulivu. Penye makazi Tanzania mwendo ni kilomita 50 kwa saa, makazi hayaishi kuanzia Kibaha, na askari mwenye tochi amekaa chini ya mwembe anakusubiri. Mwenye farasi 210 anawalisha wote kwa petroli na kuwatembeza kwa kamba, gia ya pili, gia ya tatu, basi. Akiwaachia kidogo tu, analipa faini. Probox ina farasi kama 109 na ni nyepesi kuliko Altezza kwa kilo zisizopungua 200, kwa hiyo ukiikanyaga hadi mwisho unaitumia yote, injini inalia kwa sauti yake nyembamba ya bidii, gari zima linatetemeka kwa juhudi, wewe umeshika usukani kwa mikono miwili na moyo unakudunda. Kumbe uko kwenye 48. Sheria haijavunjwa. Hakuna gari la michezo linalompa mtu hofu halali kwa bei hiyo. (Huko Japani, tena, wapo watu wazima wanaozishusha Probox zao, wanazifunga rimu pana na kuzipeleka kwenye maonyesho. Sisemi tuige. Nasema tu siko peke yangu.)

Kuhusu hadhi nitasema machache, kwa kuwa wanaoizungumzia sana ndio hao hao wanaoomba lifti. Ni kweli kwamba ukisimama kituoni dakika mbili watu watafungua mlango na kukuuliza unakwenda wapi. Ni kweli mlinzi wa hotelini atakuelekeza mlango wa jikoni. Mwenye Altezza alitazamwa na vijana, akaombwa mwendo kwenye mataa, akashukiwa na kila askari aliyeusikia mlio. Mwenye Probox anatazamwa na watu wenye haraka, waliochoka, wenye mizigo. Mahali pa kupaki pia husumbuki, kwani mwizi wa taa na vioo vya pembeni anajua bei ya kila kitu na ana heshima zake.

Linabaki pingamizi moja lenye akili: kama Altezza ni nzuri hivyo, kwa nini isitunzwe? Itunzwe! Nilikuwa nasubiri swali hilo. Anayenunua Mark X huuza Altezza ili aongezee, kisha anaiona mtaani mikononi mwa kijana aliyeishusha hadi inagonga kila tuta, na roho inamuuma. Magari mawili ya starehe hayakai ua mmoja kwa amani. Pesa ya bushi za huyu inakula klachi ya yule. Lakini Probox ikishika kazi ya sokoni, shuleni, msibani na kwenye mashimo ya mtaani, Altezza inapata kile ambacho gari la miaka 20 linakihitaji kuliko mafuta mapya, nacho ni kupumzika. Inatoka Jumapili asubuhi, barabara tupu, tanki limejazwa. Spea zinasubiriwa hata miezi miwili bila mtu kukosa kwenda kazini. Yaani mrithi anayefaa kuliko wote ni huyu asiyemtoa mwenyewe nyumbani, na sijaona gari lingine linaloweza kuifanya kazi hiyo bila kuona wivu.

Tatizo ni kwamba dereva wa mchomoko naye anaitafuta, tena ana haraka kuliko wewe, kwa hiyo bei haishuki kwa urahisi na dalali hana sababu ya kukubembeleza. Ukiagiza Japani, jua kwamba kilomita zitakuwa nyingi, kwani hakuna kampuni inayonunua Probox ili iipaki. Ukinunua ya hapa hapa, usihangaike sana na rangi. Fungua buti, inua zulia, angalia kama sakafu imebonyea. Pandisha gari, mulika shokapu za nyuma. Halafu rudi mbele ukague kiti cha dereva, upande wa mlangoni na upande wa gia. Kikiwa kimechakaa pande zote mbili sawasawa, walikuwa wanakaa wawili: mwambie dalali ashushe bei.