Zilizopendwa na Nani?

Jumamosi iliyopita wazee watano tulikaa chini ya mwembe hapa Mwakirunge tangu saa nne asubuhi hadi adhana ya magharibi, tukitafuta nyimbo kumi na mbili. Jambo moja tu tulikubaliana: chai ilikuwa na sukari kidogo.

Sisi ni bendi. Au tulikuwa bendi. Hilo nalo ni sehemu ya ugomvi. Miaka kumi na saba tulipiga muziki kwenye mahoteli ya pwani ya kaskazini, kutoka Nyali hadi Shanzu, tukivaa mashati ya kitenge yaliyofanana na mapazia ya mapokezi. Jina la bendi silitaji, maana kuna mtu Kongowea mpaka leo anadai spika zake.

Balaa ilianzishwa na mpwa wa mpiga solo, kijana wa kompyuta. "Mjomba, toeni albamu moja ya zilizopendwa. Watu siku hizi wanataka vya kale." Nikamuuliza ni watu gani hao. Akainamia simu yake kama aliyekumbushwa deni.

Mimi napiga ridhimu. Kama hujui ridhimu ni nini, ni lile gitaa usilolisikia mpaka liache kulia. Mtu aliyeishi hivyo hupata muda mwingi wa kufikiri, na siku ile nilikuwa nalifikiria neno lenyewe: zilizopendwa. Tangu ujana wangu redio inalitumia kwa nyimbo za zamani na sikuwahi kulitilia shaka. Hebu lichunguze. Kwanza limevaa wakati uliopita, kama marehemu. Pili, ni la kutendewa: nyimbo zimependwa, lakini aliyependa hayumo. Ni sawa na kurudi nyumbani jioni ukaambiwa nyama imeliwa. Sawa, imeliwa. Na nani?

Swali hilo nililiweka mezani, yaani juu ya kreti ya soda, na hakuna aliyelijibu. Kila mmoja alikuwa kaja na orodha yake mfukoni.

Mpiga ngoma alikuwa na nyimbo kumi na mbili, na katika zote kumi na mbili kuna mahali wengine tunanyamaza yeye anapiga peke yake. Mmoja una dakika nne za namna hiyo. Naukumbuka vizuri; ndio wimbo tuliokuwa tukienda chooni. Mpiga solo naye alichagua zile ambazo gitaa lake linalia tangu mwanzo hadi mwisho, mwimbaji akitafuta upenyo kama abiria wa matatu ya saa kumi na mbili. Nilipomwambia maneno hayasikiki, akasema maneno hayajawahi kumchezesha mtu.

Mwimbaji ndiye aliyetuchosha. Yeye alitunga nyimbo za mapenzi tu, na kila mwanamke alimtunga kwa jina la kwao. Alipoisoma orodha yake kwa sauti ungedhani ni makanga anaita abiria wa kwenda bara: wa Mazeras, wa Mariakani, wa Taru, wa Maungu, wa Voi. Mke wake alikuwa amesimama nyuma yake na sinia la mihogo. Akaliweka chini polepole.

"Wazee wangu, samahani kuwakatiza. Katika hizo kumi na mbili, mimi ni ya ngapi?"

Tukatazama mihogo. Mwimbaji akasema kuna mmoja aliwahi kuuanza. Mama akamwambia basi aumalize kwanza, albamu itangoja. Nyimbo tano zikafa hapo hapo, Maungu na Voi zikiwamo.

Mpiga besi akaona atuletee kanuni. Huyu aliwahi kufanya kazi Unguja miezi sita, na tangu siku hizo hakuna mada asiyoweza kuifikisha Zanzibar. Akatukumbusha Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja mwaka 1946, jina la kwao Farrokh Bulsara. Bendi yake ya roki, Queen, ilitoa albamu ya nyimbo zake bora, Greatest Hits, mwaka 1981. Toleo la Uingereza lilikuwa na nyimbo 17, na mwaka 2022 ikawa albamu ya kwanza kupita nakala milioni 7 katika nchi hiyo. "Na wale hawakukaa chini ya mwembe kutukanana," akasema. "Walitazama chati. Tena orodha ilibadilishwa nchi kwa nchi, kwa sababu kilichotamba huku sicho kilichotamba kule. Wamarekani walitiliwa ule wimbo wa pamoja na David Bowie, Waingereza hawakutiliwa."

Mpiga ngoma, ambaye ni mtu wa swala tano, akauliza kama ni kweli katika ule wimbo wao mrefu kuna mahali wanapiga bismillahi. Akaambiwa ni kweli. Akasema basi bendi ile ilikuwa na baraka, si kama sisi tulioanza kila onyesho kwa kugombania nyaya.

Hoja ya besi nilishindwa kuipangua, na ndiyo iliyoniudhi zaidi. Maana ukikubali kwamba wimbo bora ni ule watu waliouitisha, inabidi uulize sisi tuliitishwa nini. Sisi chati yetu ilikuwa mtalii. Alikuja kando ya bwawa la kuogelea, ngozi imeiva kama pweza, akainua kidole na kuagiza wimbo kama anayeagiza chipsi. Na kwa miaka yote kumi na saba aliagiza "Jambo Bwana". Akimaliza huo anataka "Malaika". Akimaliza huo anauliza kama tunaweza kurudia ule wa kwanza.

"Jambo Bwana" si wetu. Ni wa Them Mushrooms, vijana wa Mombasa kama sisi, mtunzi Teddy Kalanda Harrison. Ulitoka mwaka 1982, na mwaka uliofuata Boney M nao wakauimba wao kivyao. Tangu hapo kazi ikazidi ugumu. Kuna Mjerumani mmoja alitungoja tumalize, akaja mbele na kutueleza kwa upole kwamba tunaukosea. Yeye aliufahamu kutoka kwa Boney M. Nikiwa na kitenge changu, kilomita chache kutoka mahali wimbo ulipozaliwa, nikamwomba radhi.

"Malaika" nao ni habari nyingine. Fadhili William aliurekodi, Miriam Makeba akaupeleka duniani, na mpaka leo watu wanabishana ni nani aliyeutunga. Wimbo ukipendwa hupata mababa wengi. Za kwetu, ukiuliza nani alitunga, watu watano wanasukumiana.

Na msinieleze kwamba ndivyo muziki wa pwani ulivyo, kwamba hauwezi kupendwa na wenyewe. Hapa hapa Kisauni, pale Freretown, ndiko kwao Mzee Joseph Ngala wa muziki wa bango. Mshike mama yeyote aliyewahi kwenda harusi upande huu, muulize bango la Mzee Ngala analolipenda. Hatakupa orodha. Atafunga leso kiunoni akuonyeshe.

Sisi nani angetufungia leso? Watalii wetu walikuwa na taulo.

Mpwa, aliyekuwa kimya kwa muda, akasema tunajisumbua bure. "Kwani lazima kumi na mbili? Flashi ya GB 8 inabeba nyimbo kama elfu mbili. Wekeni zote." Hapo nilimjibu kwa hasira kidogo. Santuri ilikuwa na dakika ishirini na kitu kila upande, kanda ya saa moja ilikuwa na thelathini. Ukitaka wimbo mmoja uingie, mwingine unatoka, na aliyetolewa wimbo wake mnanuniana wiki nzima. Kununiana huko ndiko kulikoifanya albamu. Flashi haimwambii mtu hapana. Ukitia elfu mbili humo umechagua nini? Umehamisha stoo tu.

"Kwani nyinyi mna nyimbo ngapi, mjomba?"

Tukahesabu. Thelathini na moja, pamoja na ule wa mpiga ngoma wa dakika nne.

"Na zilizorekodiwa?"

Swali hilo, msomaji, ndilo tulilopaswa kuanza nalo saa nne asubuhi. Kanda yetu ya asili ilichukuliwa na mtayarishaji mmoja, simtaji, aliyesema anakwenda nayo Nairobi mara moja. Nakala tulizouza pale hotelini ziliondoka na wageni. Katika watu watano ilibaki kanda moja, nyumbani kwa mwimbaji, ndani ya kopo la biskuti pamoja na vifungo na sindano.

Ikaletwa. Utepe ulikuwa umetoka nje kama utumbo wa dagaa. Tukautia kalamu ya Bic kwenye kijishimo, mpiga besi akazungusha taratibu, sisi tukishikilia pumzi, mpaka ukaingia. Redio kaseti tukaazima kwa jirani, betri nne tukanunua dukani, maana stima ilikuwa imekwenda zake.

Ukaanza wimbo wa kwanza. Ukaja wa pili. Wa tatu ni wangu mimi, wa pekee katika thelathini na moja ambao ridhimu inasikika peke yake, sekunde nane nzima, kabla wengine hawajaingia. Nikawanyamazisha kwa mkono. Sekunde ya tatu, ikasikika kelele ya umati na mtangazaji anasema Gor Mahia wamepata kona.

Mtoto wa mwimbaji, enzi zile akiwa darasa la sita, alitaka kuirekodi mechi kutoka redioni na kanda tupu hakuwa nayo. Tukaisikiliza ile kona mpaka mwisho. Haikuzaa hata goli. Basi nikaliona jibu la swali langu la asubuhi: ukitaka kujua watu wanapenda nini, usiwaulize. Tazama wanafuta nini ili wapate nafasi.

Tungetawanyika hapo, lakini kuna kijana jirani anayefanya kazi kule jaani. Mnajua taka za Mombasa zinaletwa hapa kwetu Mwakirunge. Malori hupita na vumbi lake, upepo ukigeuka tunajua mjini wamekula nini. Kijana huyu na wenzake huchagua tangu alfajiri: chupa huku, plastiki laini huku, chuma huku, kila kitu na bei yake ya kilo. Hawagombani kama sisi. Mkono unashika, jicho linaamua, kinakwenda kwenye gunia au kinabaki.

"Kanda hazina bei, babu," akanieleza. "Ile plastiki hawaitaki, na utepe unafunga kuku miguu. Lakini kuna gunia zima niliona juzi, limekuja na lori la upande wa mahoteli."

Wazee watano tulisimama kwa pamoja, jambo ambalo hatujalifanya tangu onyesho la mwisho. Tukamchangia shilingi mia tatu na nauli ya bodaboda. Saa kumi gunia likawa chini ya mwembe.

Tulilimwaga juu ya mkeka na kuchagua moja moja. Kenny Rogers nne, mbili kati yake za nyimbo zake bora. Boney M mbili. Mafunzo ya Kijerumani, kanda ya kwanza na ya tatu. Mawaidha. Mbaraka Mwinshehe, kasha tupu. Taarabu ya harusi, jina la bibi harusi limeandikwa kwa wino uliochuruzika. Them Mushrooms tatu, na mpiga solo akaziweka kando kwa heshima, kama mtu anayepanga viatu vya mgeni. Tulifika chini kabisa ya gunia, palipobaki mchanga na mende mmoja.

Yetu haikuwamo.

Nilijisikia vibaya, halafu nikajipa moyo. Nikawaambia wenzangu tusivunjike. Miaka yote hii, mahoteli yote yale, na hakuna hata mtu mmoja aliyeitupa kanda yetu.

Mpiga ngoma akachukua muhogo wa mwisho.

"Au hakuna aliyeinunua," akasema.